Kapteni Thorne Alinunia Nini

Tottenham, London
11 Januari 2025

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na ikikukuta unaumwa mgongo basi ikukute umekaa kitini, si juu ya ngazi unapaka chokaa, maana habari hizo zimenifikia. Nisalimie sana mkeo, Bi Mwanamwema, umwambie mchuzi wake wa pweza nauota. Msalimie Mwalimu Kombo na mke wake, na wote wa baraza la asubuhi. Mama hajambo, ila magoti na hii baridi havipatani. Anashangaa kuniona nashika kalamu. Nimemwambia Ami amesema simu ni ya kutangaza misiba na kuuliza kama umeme umerudi. Mambo ya maana yanataka karatasi.

Ama baada ya hayo, kazini nimepewa sanduku jipya. Wajua kazi yangu pale maktaba ni kusoma barua kuukuu za watu na kuandika zinahusu nini, ili mwingine akizitaka azipate. Safari hii ni barua za maofisa wa jeshi la Marekani, wale waliopigana na Mwingereza kutafuta uhuru wao, miaka mia mbili na arubaini na kitu iliyopita. Wawili nimewapenda: Kapteni Thorne na Meja Weld. Walianza vita wote makapteni. Kambini kwenye theluji walilala chini ya blanketi moja, na Thorne akiandika anaanza "Weld, ndugu yangu." Halafu, ghafla, "Weld, ndugu yangu" inakuwa "Bwana Meja". Basi. Miaka na miaka, "Bwana Meja".

Mimi ni mtu wa makaratasi, wewe ni mtu wa kambi. Hebu nifahamishe, ofisa hununa vipi?

Nina na jambo langu mwenyewe, ila litasubiri.

Mwanao,
Hayat

*

Wete, Pemba
9 Februari 2025

Mwanangu Hayat,

Marahaba. Barua imefika jana, imetembea wiki nne kama ilivyo ada yake, na sisi wazima. Chokaa nimemaliza, ngazi nimerudisha, na aliyekupa habari hizo namjua. Bi Mwanamwema anasema usiote, uje ule. Lakini umefanya kosa. Umemsalimu Mwalimu Kombo na mke wake, umewasalimu wa baraza, na Bi Kazija wa nyumba ya pili hukumtaja. Nilikuwa nasoma kwa sauti naye kakaa pale pale. Aliaga akaondoka na bakuli lake la maandazi, na sisi tulikuwa hatujaonja. Wewe mtoto umekulia Ulaya lakini si kiasi hicho. Salamu ni orodha ya jeshi: mtu akikosekana, lazima ijulikane yuko wapi.

Sasa ofisa wako. Ofisa hanuni kama raia. Raia hupaza sauti, ofisa huongeza adabu. Mimi nikikuita "wewe bwege", tupo salama. Siku nikikuandikia "Ndugu Luteni, rejea barua yako", ujue sitaki hata kivuli chako kipite mlangoni kwangu. Huyo Thorne alipoanza "Bwana Meja" alikuwa ameshamzika mwenzake. Tafuta nani alipandishwa cheo kabla ya nani. Ugomvi wa maofisa unaanzia hapo, hata wakidai ni wa jambo jengine.

Na hilo jambo lako linasubiri nini? Mimi nina miaka sabini.

Ami yako,
Mansour

*

Tottenham
8 Machi 2025

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Salamu nyingi kwa Bi Mwanamwema, Mwalimu Kombo, mke wake, wa baraza mmoja mmoja, na kwa Bi Kazija salamu mbili, ya leo na ya Januari, pamoja na samahani yangu. Mama anafunga, magoti yanaruhusu. Huku tunafuturu mapema bado, na mwenzangu wa kazini, Hemali, ambaye wazee wake walitoka Kisumu wakahamia Harrow, ameniletea kachori za kutosha mtaa. Hakubali nimwambie asante zaidi ya mara moja.

Umepatia, Ami. Ni cheo. Weld alikuwa na kazi ya kupeleka majina ya makapteni waliostahili kupandishwa, na kila jina liende na hati yake ya utumishi. Jina la Thorne halikwenda. Thorne anasema Weld alilizuia kwa wivu. Amemwandikia Weld mwenyewe, amewaandikia majenerali, amewaandikia wakubwa wa serikali, barua tisa kwa miaka tisa, zote ni malalamiko yale yale. Vita vilikwisha, watu wakarudi kulima, yeye bado anaandika.

Na jambo langu ni hili. Yuko mtu anataka kunioa, na mimi nataka. Anaitwa Muhiddin. Ni fundi wa mabasi, ana umri wa miaka thelathini na tatu, anaswali, anacheka. Ni kitinda mimba wa wazee wake, nao wanakaa Woolwich. Asili yao Pemba. Baba hayupo, kaka sina, walii wangu ni wewe peke yako. Nakuomba uniozeshe.

Mwanao,
Hayat

*

Wete
6 Aprili 2025

Mwanangu Hayat,

Marahaba, na Idi imepita salama. Bi Kazija ameshusha moyo, maandazi yamerudi. Barua yako niliisoma nikainuka nikazunguka nyumba mara mbili. Nilimkumbuka marehemu ndugu yangu, nikalia kidogo, sina haja ya kuficha. Angependa kuiona siku hii. Bi Mwanamwema ameshafungua sanduku la kanga.

Fundi wa mabasi ni kazi ya haki. Wazee wa Pemba, basi ni watu. Lakini Pemba ipi, na baba yake nani? Mtu anayejaza ukurasa mzima kwa habari za Mmarekani aliyekufa zamani hakosi nafasi ya kuandika jina la mkwe. Mimi nimehoji mateka, Hayat. Najua mtu anapoliruka jambo.

Kuhusu Thorne, nakupa siri ya miaka thelathini ya jeshi. Mtu aliyedhulumiwa hulalamika mara moja, mara mbili, halafu hushika jembe lake. Anayeandika mara tisa juu ya jambo lile lile hamshitaki mwenzake, anajisafisha. Tafuta katika hilo sanduku. Utakuta Thorne mwenyewe alifanya kitu.

Nasubiri jina.

Ami yako,
Mansour

*

Tottenham
3 Mei 2025

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo. Salamu kwa Bi Mwanamwema na kanga zake, Bi Kazija, Mwalimu Kombo na mke wake, na baraza zima. Mama hajambo, ila amejua naandika barua gani leo na amekwenda sokoni asinione.

Baba yake Muhiddin ni Makame Khatibu Juma, luteni wa zamani, aliyekuwa nawe Uganda. Mama yake ni Bi Mardhiya.

Sasa umejua. Mimi nilijua tangu siku ya kwanza Muhiddin aliponitajia jina lake kamili, na nilikaa miezi minane natafuta namna ya kukwambia. Nyumbani kwetu jina hilo halikutajwa. Marehemu Baba akisikia Makame redioni alikuwa akipunguza sauti, hata akiwa ni Makame mwengine. Mlikosana nini sijui. Kila nimuulizaye anakumbuka ana chungu jikoni. Nilikuuliza habari za Thorne kwa sababu ya kazi, ni kweli, lakini si kwa sababu ya kazi tu. Nisamehe kwa ujanja huo.

Muhiddin hana kosa, Ami. Mimi pia sina.

Mwanao,
Hayat

*

Wete
2 Juni 2025

Bi Hayat Said,

Barua yako ya tarehe 3 Mei imepokelewa tarehe 30.

Mwaka 1979, nikiwa vitani Uganda, nilikuwa na mchumba Pemba. Posa ilikuwa imekubaliwa. Mkono wangu wa kulia uliungua kwa sufuria ya uji, sikuweza kushika kalamu. Luteni Makame Khatibu alikuwa na hati nzuri kuliko kikosi kizima, nikamwomba aniandikie barua kwa wakwe. Nilitamka, akaandika. Barua ilipofika ilisomwa kwa sauti mbele ya nyumba nzima, kama ilivyokuwa desturi. Walisalimiwa wote: baba mkwe, mashemeji, bibi kizee, majirani, hata mtu aliyekuwa akiwachotea maji. Mama mkwe, Bi Mize, hakutajwa. Alisikiliza mpaka neno la mwisho, akainuka, akaingia ndani. Wiki iliyofuata posa ilivunjwa.

Miaka miwili baadaye Luteni Makame alimuoa msichana yule. Msichana yule ni Mardhiya.

Mwenye hati kama ile haruki jina kwa bahati mbaya. Nimemwandikia hivyo yeye mwenyewe, nimemwandikia mkuu wa kikosi, nimemwandikia marehemu babu yako, nimemwandikia kadhi. Hakuna aliyechukua hatua.

Sitaozesha.

Wako mtiifu,
Meja (Mstaafu) Mansour Abeid Hamad

*

Tottenham
28 Juni 2025

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo. Hukunisalimu. Nimeigeuza karatasi nyuma na mbele nikitafuta salamu, kisha nikakumbuka ulivyonifundisha, kwamba ofisa huongeza adabu. Nililia kwenye treni kutoka Seven Sisters mpaka Victoria, bibi mmoja akanipa tishu na peremende. Hata hivyo nawasalimu wote, kwa majina yao yote, na wewe wa kwanza.

Nimekwenda kwa imamu. Amesema iko njia: walii akikataa bila ya sababu ya sheria, yupo wa kuozesha badala yake. Sitaki njia hiyo. Baba mmoja nimeshamzika, na sitaki kuolewa nikiwa na wa pili aliye hai, amekaa Wete, amenuna. Muhiddin amesema atangoja. Nami nimemwambia kwamba nakungoja wewe, hata iwe mwaka.

Mzee Makame nimemuuliza. Alikiweka kikombe chake chini, akasema, "Muulize ami yako. Yeye ndiye aliyekuwa akitamka." Bi Mardhiya alikuwa jikoni anaosha vyombo, vikaacha kulia.

Sina la kukujibu juu ya Uganda, sikuwa nimezaliwa. Lakini sanduku nimelimaliza, na chini kabisa nimeikuta barua ya mwisho ya Thorne, ya mwaka 1791. Nimekufasiria neno kwa neno:

"Weld, ndugu yangu. Nimekulaumu miaka kumi na miwili kwamba hukulipeleka jina langu. Uliniomba hati yangu ya utumishi nami nikaona uvivu kuitafuta, nikakwambia nimekwisha kuituma. Ilikuwa katika sanduku langu siku zote. Nililijua hilo nilipoandika barua ya kwanza, na nililijua nilipoandika ya tisa. Ilikuwa aibu ndogo. Niliilisha mwenyewe mpaka ikakua ikawa haienei nyumbani."

Ulisema nitafute, Ami. Nilitafuta.

Mwanao,
Hayat

*

Wete
1 Agosti 2025

Hayat mwanangu,

Marahaba, na marahaba ya ile barua niliyokunyima. Barua yako ilifika siku kumi zilizopita. Nimeisoma barazani, nikaisoma shambani, nikamsomea Mwalimu Kombo kipande cha Thorne tu, naye akasema, "Huyo Mmarekani ni mwanamume."

Weld alijibu nini? Umeniletea barua ya Thorne ukaniachia hapo hapo. Kama sanduku lina jawabu, niandikie. Na nadhani halina, ungenifasiria.

Haya, sikiliza. Makame aliandika kila nilichotamka. Alipofika mwisho wa majina aliinua kalamu akaniuliza, "Salamu zimetosha? Hakuna mwengine?" Nikamwambia zimetosha, ingia kwenye habari. Nilikuwa na haraka ya kufika pale ninapojisifu vita. Bi Mize nilimsahau mimi. Nilimkumbuka siku ya tatu, lori la barua limeshaondoka. Ningeweza kuandika nyingine. Mkono ulikuwa umeanza kupona. Nilijiambia hawatagundua. Posa ilipovunjika niliona haya mbele ya kikosi, na aliyekuwa karibu wa kulaumu ni Makame. Kisha akamuoa, nami nikapata na sababu. Nimeandika barua kumi na mbili, Hayat. Nimempita Thorne kwa tatu.

Nimemwambia Bi Mwanamwema. Nilijitayarisha kwa machozi. Alikuwa anachagua mchele na hakuacha. Akasema, "Kumbe ni wewe. Na mimi kila Ijumaa namuombea dua Makame kwa kuniletea mume. Dua zote zile zimekwenda kwa mtu asiyehusika." Amesema ataanza kuniombea mimi, lakini itachukua muda kufikia idadi.

Wakala wa kukuozesha kwa niaba yangu sitoi. Nitakuja mwenyewe kukuozesha kwa mdomo wangu, viza ikitoka. Makame usimwambie neno, hilo ni langu. Najua kumhoji mateka na najua kulala msituni, lakini kuingia nyumbani kwa mtu yule na kusema haya, naogopa. Nakwambia wewe tu.

Salamu kwa mama yako na magoti yake. Na kwa Muhiddin, ambaye sikumsalimu hata mara moja, na kosa hilo sitalirudia.

Ami yako,
Mansour

*

Woolwich
14 Oktoba 2025

Hayat mwanangu,

Usistaajabu kupata barua kutoka kwangu ilhali tupo mji mmoja. Nilikuja Woolwich Jumapili kwa chakula cha mchana, leo Jumanne bado nipo, Makame amenificha viatu. Barua hii anakuletea Muhiddin kwa mkono wake. Mama yako mwambie kofia yangu nimeiacha juu ya friji. Bi Mwanamwema, nikimpigia, haulizi habari zangu, anauliza wamepika nini.

Tulikula, tukazungumza hali ya hewa kama maadui. Baada ya kahawa nikasimama, maana mambo haya siwezi kuyasema nikiwa nimekaa, nikamwambia Makame yote kama nilivyokwambia wewe. Nikamwomba radhi. Aligeuza kichwa kuniletea sikio zima, siku hizi jengine halifanyi kazi. Kisha akasema, "Niliona." Nikamuuliza uliona nini. Akasema, "Niliona jina la Bi Mize halipo. Ndiyo maana nikakuuliza. Uliposema zimetosha, nikatia gundi bahasha haraka kabla hujakumbuka. Mardhiya nilimuona siku tuliyokwenda kukuposea, nami ndiye niliyebeba sinia. Barua zako zote nilizisoma, nikasema ana haki ya kunitukana, sababu tu ndiyo ameikosea."

Nilitaka kununa, Hayat. Wallahi nilijaribu. Lakini nilikuwa kwenye sofa lake, nimevaa soksi zake kwa ajili ya baridi, na mtu hawezi kununa ndani ya soksi za mwenzake. Tukawa tunatazamana, wazee wawili, kila mmoja anamwomba mwenziwe msamaha kwa msichana aliyempokonya au aliyempoteza, tukashikana mikono, na machozi yalitutoka.

Bi Mardhiya alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alikuwa amesikia yote. Akasema, "Mmemaliza? Na mimi kuna aliyeniuliza?" Akaweka birika chini. "Mama hakuvunja posa. Mama alinuna siku mbili, akasahau. Mimi ndiye niliyemwambia avunje. Barua ya kurasa tatu, nyumbani kwa mchumba wake mtu, na mimi natajwa mstari wa mwisho kabisa, baada ya mchota maji. Nilisema huyu akinioa nitakaa miaka hamsini mstari wa mwisho." Makame akafungua mdomo. Bi Mardhiya akamwambia, "Na wewe nilikukubali kwa sababu ulikuja ukaniuliza mimi kabla ya kumuuliza baba. Hati yako wala sikuijali."

Kisha akatumiminia kahawa, tukanywa kama wanafunzi waliochapwa. Miaka arubaini na sita tumegombana juu ya jambo ambalo Mardhiya mwenyewe alikuwa amelikata kwa siku mbili.

Basi mwanangu, Ijumaa nitakuozesha. Kabla sijakaa mbele ya Muhiddin nitakuja chumbani kwako, kama inavyotakiwa, nikuulize umeridhia au hukuridhia. Wari wa zamani walikuwa wakiinamisha kichwa wakanyamaza, na sisi tukatoka nje tukisema amekubali. Wewe usinyamaze. Nitasimama pale na mashahidi wangu mpaka nikusikie, na ukitaka kulisema mara mbili, liseme mara mbili.

Ami yako,
Mansour